Sauti ya Shahidi: Tatizo la Kumsawiri Sherlock Holmes katika Kazi za Mashabiki na Waandishi Wengine

Mnamo Agosti 1948 jarida la Cosmopolitan la Marekani lilichapisha hadithi fupi iliyotangazwa kuwa kazi ya mwisho ya Sherlock Holmes, iliyokuwa imefichika hadi wakati huo. Mwandishi wake, kwa mujibu wa tangazo hilo, alikuwa Arthur Conan Doyle, aliyefariki mwaka 1930. Hati ya hadithi hiyo ilikuwa imekutwa miongoni mwa karatasi zake wakati Hesketh Pearson alipokuwa akiandaa wasifu wake uliotoka mwaka 1943. Warithi walisita kwa miaka kadhaa kuitoa, kisha wakakubali. Januari 1949 hadithi hiyo ilichapishwa pia Uingereza, katika gazeti la Sunday Dispatch. Baada ya hapo alijitokeza mzee mmoja, msanifu majengo aitwaye Arthur Whitaker, akaeleza kwamba hadithi hiyo ni yake. Alikuwa ameiandika ujanani na kumpelekea Conan Doyle mwaka 1911, akitumaini kwamba wangeshirikiana kuitoa. Conan Doyle alikataa ushirika huo. Alimjibu kwamba hadithi si mbaya, akamshauri abadili majina ya wahusika na kuichapisha mwenyewe, au kama hataki, yeye Conan Doyle angemlipa gini kumi kwa ajili ya wazo lake. Whitaker alichukua fedha. Kwa bahati alikuwa amehifadhi barua ya majibu na nakala ya kaboni ya hadithi yenyewe, na mbele ya ushahidi huo warithi walilazimika kukubali.

Tukio hili kwa kawaida hutajwa kama kichekesho cha historia ya fasihi ya upelelezi. Hata hivyo, lina uzito zaidi ya huo. Whitaker alikuwa shabiki katika maana kamili ya neno hilo: msomaji asiye mwandishi wa kazi hiyo, aliyependa wahusika wa mtu mwingine hadi akawaandikia kisa kipya. Leo kazi za namna hiyo huitwa bunilizi za mashabiki. Swali la msingi linaloulizwa kuzihusu ni iwapo mhusika aliyekwisha kujulikana anaweza kuhamia kwenye kalamu nyingine akabaki kuwa yeye yuleyule. Mwaka 1948 swali hilo lilijibiwa bila mtu yeyote kukusudia kuliuliza. Hadithi ya shabiki ilikaa miongoni mwa karatasi za mwasisi, ikapita mikononi mwa mwandishi wa wasifu, warithi na wahariri, na ikasomwa na umma wa nchi mbili chini ya jina lisilo lake. Kilichoifichua si udhaifu wa usawiri bali karatasi zilizokuwa nyumbani kwa Whitaker.

Ni kweli kwamba ndani ya hadithi hiyo kulikuwa na kosa ambalo msomaji makini angeweza kulishika. Kisa, kinachohusu karani wa benki wa Sheffield aliyeghushi hundi na kutoroka, kimewekwa mwaka 1895, na kinaanza kwa Daktari Watson kueleza kwamba mkewe amekwenda mapumzikoni Uswisi pamoja na rafiki yake wa shule, Kate Whitney. Kate Whitney ni jina la kweli kutoka hadithi ya „The Man with the Twisted Lip“ ya mwaka 1891, Whitaker alikuwa amesoma kwa uangalifu. Lakini wasomaji wa Holmes wanajua kwamba katika hadithi ya kurejea kwake, ambayo matukio yake ni ya 1894, Watson anadokezwa kuwa amefiwa, na msiba huo kwa kawaida huchukuliwa kuwa wa mkewe. Kwa hiyo mke anayekwenda Uswisi mwaka 1895 ni mke asiyetarajiwa. Kwa nini basi kosa hilo halikuangusha hadithi? Kwa sababu Conan Doyle mwenyewe alikuwa hodari wa makosa ya aina hiyohiyo. Jeraha la vita la Watson liko begani katika riwaya ya kwanza na mguuni katika ya pili. Katika hadithi hiyohiyo ya Kate Whitney, mke wa Watson anamwita mumewe James, ilhali jina lake ni John. Usahihi wa taarifa, ambao mashabiki huusumbukia kuliko jambo jingine lolote, haukuwa kigezo ambacho mwasisi aliwahi kujipima nacho. Anayeweza kutaja tarehe zote bila kukosea huenda, kwa kipimo hicho, amejitenga na Conan Doyle badala ya kumkaribia.

Kigezo cha pili ambacho hutumiwa sana ni alama za nje. Mtu ambaye hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja anaweza kumtambua Holmes kwa kofia yenye masikio, kiko kilichopinda na ule msemo wake maarufu wa kumwambia Watson kwamba jambo ni rahisi kabisa. Ikichunguzwa asili ya alama hizi, inaonekana kwamba sehemu kubwa yake haikutoka katika kalamu ya Conan Doyle. Kofia hiyo imekaziwa na michoro ya Sidney Paget katika The Strand Magazine. Maandishi yenyewe hutaja tu kofia ya safari, na si kila mahali. Kiko kilichopinda huhusishwa na mwigizaji wa Marekani William Gillette, ambaye tamthilia yake juu ya Holmes ilianza kuonyeshwa mwaka 1899. Msemo ule maarufu, kwa umbo lake linalojulikana, haumo katika hadithi yoyote kati ya 60 za mwasisi. Kwa maneno mengine, Holmes wa alama ni Holmes ambaye tayari alikuwa ametengenezwa na watu wengine, na mwandishi anayeanzia hapo anaiga mwigo. Inasimuliwa pia kwamba Gillette alipouliza kwa simu ya maandishi kama anaweza kumwoza Holmes, Conan Doyle alimjibu kwamba afanye naye apendavyo. Huyo alikuwa mwandishi aliyekwisha kumuua mhusika wake Desemba 1893 na ambaye, wakati huo, hakuwa na haja ya kumlinda.

Ikiwa tarehe hazitoshi na alama hazitoshi, kinachobaki ni nini? Jibu linapatikana katika kazi za Conan Doyle mwenyewe, hasa pale anapoonekana kushindwa.

Kati ya hadithi 60, yaani riwaya 4 na hadithi fupi 56, zilizosimuliwa na mtu asiye Watson ni 4 tu. „His Last Bow“ ya 1917 na „The Mazarin Stone“ ya 1921 zimesimuliwa katika nafsi ya tatu, „The Blanched Soldier“ na „The Lion's Mane“, zote za 1926, zinasimuliwa na Holmes mwenyewe. Ukiacha ile ya 1917, ambayo inasimama kwa hisia ya vita inayokaribia, hizi zinazobaki ni miongoni mwa kazi zinazodharauliwa zaidi na wasomaji wa Holmes, hata baadhi yao wakawahi kutilia shaka kama kweli zimeandikwa na Conan Doyle. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Hadithi ya shabiki iliaminiwa kuwa ya mwasisi, na hadithi za mwasisi zikashukiwa kuwa za mtu mwingine. Tofauti baina yake haiko katika kipaji, maana hakuna atakayedai kwamba msanifu majengo kijana alikuwa fundi kuliko Conan Doyle. Iko katika msimulizi. Whitaker alimpa Watson kalamu. Mwaka 1926 Conan Doyle alimnyang'anya.

„The Blanched Soldier“ inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake kasoro hiyo inakiriwa. Holmes anaeleza kwamba Watson alimchokoza ajaribu kuandika mwenyewe, na anapoishika kalamu anaanza kutambua kwamba lazima asimulie kwa namna itakayomvutia msomaji. Baadaye anakiri kuwa Watson, kwa kuficha viungo vya mnyororo wa hoja, ndiye aliyeyafanya matokeo yaonekane ya ajabu. Ungamo hilo ni la kweli kwa undani kuliko linavyoonekana. Akili ya Holmes inapotazamwa kutoka ndani ni mfululizo wa hatua za kawaida: udongo kwenye kiatu, alama kwenye mkono, hitimisho. Mshangao haumo ndani yake. Umo katika pengo kati ya kuona na kuelewa, na pengo hilo ni mali ya Watson. Yeye ameuona udongo uleule, ameuandika kwenye karatasi, na bado hakujua maana yake. Msomaji amekaa bega kwa bega naye. Akili ile inatambulika kuwa kubwa kwa sababu kuna mtu mwaminifu, mwenye akili ya kutosha, anayeitazama akiwa nje.

Kwa mtazamo huo, Holmes si jumla ya sifa ambazo zinaweza kuorodheshwa na kuhamishwa. Ni mtu anayeonekana, na anaonekana kupitia mtu fulani. Mwandishi anayetaka kumsawiri akaanza kwa kumwingia kichwani amekwisha kumpoteza, hata akijua majivu ya aina zote za tumbaku. Mashabiki wengi huvutwa kufanya hivyohivyo, kwa sababu kichwa cha Holmes ndicho chumba kilichofungwa, na upendo wa msomaji hutaka kuingia pasipofunguliwa. Kishawishi hicho kinaeleweka. Kwa hakika ni kukosa kuingia huko kulikomfanya msomaji apende tangu mwanzo.

Watoto wa Conan Doyle hawakuwa na kinga dhidi ya tatizo hili. Mwaka 1954 Adrian Conan Doyle na mwandishi John Dickson Carr walitoa The Exploits of Sherlock Holmes, mkusanyo wa hadithi 12, kila moja ikijengwa juu ya kesi ambayo Watson aliitaja kwa sentensi moja tu bila kuisimulia. Mpango huo una heshima na una adabu ya mrithi. Watson yupo, samani zipo, ukungu upo. Hata hivyo hadithi hizo, hasa zile za Adrian peke yake, zinasomeka kama chumba cha makumbusho ambamo kila kitu kimewekwa mahali pake na hakuna aliyekalia viti. Kesi zilizotajwa bila kusimuliwa zilikuwa na kazi yake: zilimfanya msomaji aamini kwamba Watson anajua zaidi ya anachosema. Kuzijaza zote ni kumwondolea shahidi ukimya wake. Damu ya familia, kama ilivyoonekana hapo, haikuwa na msaada mkubwa kuliko gini kumi za Whitaker.

Swali la nani ana haki ya moyo wa Holmes lilifikishwa hadi mahakamani. Katika shauri lililoamuliwa na mahakama ya rufani ya Marekani mwaka 2014, kampuni ya warithi ilidai kwamba Holmes ni mhusika aliyekamilika katika hadithi za mwisho tu, ambazo wakati huo bado zilikuwa na hakimiliki, na kwamba kwa hiyo hakuna awezaye kumtumia bila idhini hata akichota kutoka hadithi za awali. Mahakama iliikataa hoja hiyo. Mwaka 2020 dai lilirejea kwa sura nyingine, dhidi ya filamu ya Enola Holmes na vitabu vya Nancy Springer ilikotoka. Safari hii ilidaiwa kwamba Holmes mwenye huruma na hisia ni zao la miaka ya mwisho, baada ya Conan Doyle kufiwa na mwana na ndugu, na kwamba anayemsawiri Holmes mwenye upole amechukua kisicho chake. Shauri lilifutwa Desemba mwaka huohuo bila kuamuliwa. Tangu Januari 1, 2023 hadithi zote ziko huru nchini Marekani, na hoja hiyo imebaki kuwa ya wanafasihi.

Kama hoja ya wanafasihi, haisimami vizuri. Hadithi ambayo ingeitegemea kuliko zote ni „The Three Garridebs“ ya 1924, ambamo Watson anapigwa risasi na Holmes kwa dakika moja anapoteza utulivu wake wote. Lakini katika „The Six Napoleons“ ya 1904 Holmes anasifiwa na Inspekta Lestrade, na Watson anaona jinsi anavyogeuza uso akiwa ameguswa. Katika „The Devil's Foot“ ya 1910 anaomba radhi kwa kuhatarisha maisha ya rafiki yake, na Watson anaandika kuwa hajawahi kuuona moyo wake kwa kiasi hicho. Kwa hiyo hisia hazikuja baada ya vita. Zilikuwapo, zikidhihirika mara chache. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mara zote tatu msomaji haambiwi Holmes anajisikiaje. Anaambiwa Watson aliona nini: uso uliogeuzwa, sauti iliyobadilika, mdomo uliotetemeka. Bunilizi za mashabiki zinazomfanya Holmes aeleze mapenzi yake kwa aya nzima hazikosei kwa kumpa moyo. Zinakosea kwa kuondoa macho yaliyokuwa yakiutafuta.

Inabaki shauri ambalo Conan Doyle alimpa Whitaker na Whitaker akalipuuza, yaani kubadili majina. Wapo walioufuata mkondo huo, baadhi yao kabla yake. Maurice Leblanc wa Ufaransa alimwingiza Holmes katika kisa cha mwizi wake Arsène Lupin mwaka 1906. Lalamiko lilipotolewa, jina likageuzwa kuwa Herlock Sholmès, na Watson akawa Wilson. Mageuzi hayo ya herufi yalifungua mlango ambao Leblanc hakusita kuupita. Wilson anapovunjwa mkono, bwana wake hajali sana, bali anafurahi kwamba si wake uliovunjika. Ukiiweka picha hiyo kando ya ile ya „The Three Garridebs“, inaonekana wazi kwamba kilichobadilishwa si majina tu. Alama zote za Holmes zimo, na Holmes hayumo, kwa sababu uhusiano wa wawili hao umevunjwa. Leblanc bila shaka alikusudia hivyo. Alitaka mshindani wa Lupin achekwe. August Derleth wa Marekani alifanya kinyume. Akiwa mwanafunzi mwaka 1928, baada ya kuambiwa na Conan Doyle kwamba hakukusudiwa hadithi nyingine za Holmes, alimbuni Solar Pons na daktari wake Parker, akawaweka London na kuendelea kuwaandikia hadi idadi ya hadithi zake ikapita ile ya Conan Doyle. Pons ana jina jingine na hana jambo jingine. Anamfanana Holmes kiasi kwamba msomaji husahau kumwangalia yeye mwenyewe.

Njia ya tatu ilichukuliwa Zanzibar. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918 na kufanya kazi ya uhariri wa magazeti kwa miaka mingi, alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957-58. Kazi iliyoshinda, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960, na ndani yake Bwana Msa akaonekana kwa mara ya kwanza. Wahakiki wamemtambua Holmes nyuma yake tangu mapema: kiko, utulivu, upelelezi usiolipwa mshahara na serikali, na rafiki yake Najum anayeambatana naye, anayeuliza na kufafanuliwa. Mara nyingi utambuzi huo umetolewa kama shutuma ya kuiga, na mara nyingine umejibiwa kwa kutetea uasilia wa Abdulla, kana kwamba lazima mojawapo liwe kweli.

Ushahidi uliokwisha kutolewa hapa unaruhusu kusema jambo tofauti kidogo. Abdulla hakuchukua mtu, alichukua jozi. Kilichohamishwa kutoka Baker Street hadi Unguja ni ule mpangilio wa anayeona na anayetazama kuona kwake, na ndani ya mpangilio huo akawekwa mtu mwingine kabisa, mwenye utani wa pwani, anayejua nani ni jamaa ya nani na maneno gani yasemwe barazani. Hata uzito wa hoja umebadilika. Holmes anafanya kazi katika jiji ambalo kwa kiasi kikubwa limekwisha kukubali sayansi, na ustadi wake ni kuitumia kwa kasi kuliko polisi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti inapatikana kwenye mzimu, mahali pa matambiko, ambapo maelezo ya kifo yamekwisha kuwa tayari kabla ya uchunguzi kuanza. Bwana Msa hashindani na muuaji peke yake. Anashindana na jibu ambalo watu wanaomzunguka wanalo tayari, na analazimika kulitengua mbele ya macho yao bila kuwavunjia heshima. Hapo rafiki anayeuliza si pambo lililoazimwa. Maswali yake ni maswali ya jamii iliyo njia panda, na mtu aliye karibu na mpelelezi lazima ayaulize kwa sauti ili mpelelezi apate namna ya kuyajibu.

Abdulla aliendelea na Bwana Msa kwa zaidi ya miongo miwili, kutoka Kisima cha Giningi (1968) na Duniani Kuna Watu (1973) hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Msomaji anayezifuata kazi hizo kwa mpangilio wa miaka huanza kwa kumtafuta Holmes katika kila ishara ya kiko. Kufikia kitabu cha tatu au cha nne, mpelelezi anayemtafuta ni Msa, na anapokutana na hadithi ambamo Bwana Msa anasema jambo lisilomfanana, humlaumu mwandishi kwa kutomjua mtu wake mwenyewe.